Somo la Redio: Kusafisha Shamba la Damu Kabla ya Kupanda Mbegu Mpya

Natumaini kila mmoja amekwisha pata mahali pa kukaa, na daftari yake iko mbele yake. Walio mbali na redio wasogee karibu. Walimu wa madarasa, tafadhalini andikeni ubaoni maneno haya matatu: UBOHO, MTOAJI, KWA MIA. Tutayatumia katika somo lote la leo.

Wiki iliyopita tulijifunza hesabu ya kwa mia. Tulihesabu magunia 100 ya mahindi ghalani, tukatoa yale yaliyoharibiwa na dumuzi, tukaandika yaliyobaki. Leo tutaitumia hesabu ile ile katika jambo zito zaidi kuliko mahindi. Tutahesabu watu. Nia yangu ni kwamba, siku moja ukiwekewa karatasi mbele yako hospitali, wewe au mtoto wako au ndugu yako, usitie dole gumba tu na kunyamaza. Uisome, uielewe, kisha useme ndiyo au hapana.

DAMU HUTOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kuwa damu hutengenezwa moyoni. Sivyo. Moyo ni pampu tu, kazi yake ni kuisukuma. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa. Ukivunja mfupa wa ng'ombe utaona ndani kitu laini. Hicho ndicho uboho. Kwa mtu mzima, uboho unaofanya damu umo hasa katika mifupa ya nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kifua.

Ndani ya uboho mna chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, ziitwazo chembe shina. Kama vile shina la mti litoavyo matawi mengi, ndivyo chembe hizi zizaavyo chembe zote za damu. Huzaa chembe nyekundu, zinazochukua hewa safi na kuipeleka mwilini. Huzaa chembe nyeupe, ambazo ni askari wa kupigana na maradhi. Huzaa pia chembe za kugandisha damu, ili kidonda kizibe.

Wakati mwingine chembe za uboho huharibika. Huanza kuzaana ovyo, hazikui zikakomaa, wala hazifanyi kazi. Hujaza mahali pote kama magugu yajazavyo shamba. Hiyo ndiyo kansa ya damu, na aina yake moja kubwa huitwa lukemia. Mgonjwa hupungukiwa damu, huchoka, hushikwa na homa mara kwa mara, na pengine hutokwa damu puani na katika ufizi.

Ziko dawa za kuiua kansa hii, na wako wanaopona kwa dawa peke yake. Lakini kwa wengine ugonjwa huonekana umekwisha, kumbe mbegu chache zimejificha, na baada ya miezi huota tena. Kwa watu kama hao, madaktari hufikiria kuuondoa uboho wa mgonjwa na kumpa chembe shina za mtu mwingine. Mtu huyo anayetoa chembe zake tunamwita mtoaji.

KUPANDIKIZA NI KUFANYA NINI?

Msidhani kuwa mgonjwa hupasuliwa mifupa. Mtoaji hutolewa chembe shina kwa sindano katika mfupa wa nyonga, akiwa amelazwa usingizi. Au hupigwa sindano za dawa inayozifanya chembe zitoke mifupani na kuingia katika damu, kisha huchujwa kwa mashine. Halafu mgonjwa hutiwa chembe hizo katika mshipa, kama aongezwavyo damu. Chembe zenyewe hujua njia. Huingia mpaka ndani ya mifupa, zikakaa, na baada ya wiki 2 mpaka 4 hivi huanza kuzaa damu mpya.

Mtoaji hutafutwa kwanza miongoni mwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Madaktari hawatazami kundi la damu tu. Hutazama alama nyingine zilizo juu ya chembe, ambazo kila mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kila ndugu ana nafasi 1 katika 4 ya kulingana kabisa na mgonjwa. Nafasi 1 katika 4 ni ngapi kwa mia? Andikeni. (Kimya kidogo.) Ni 25 kwa mia. Asipopatikana ndugu, hutafutwa mtu mwingine duniani aliyejiandikisha kutoa. Na siku hizi mzazi au mtoto anayelingana nusu naye huweza kutoa.

KWA NINI SHAMBA LISAFISHWE?

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo. Mkulima hatupi mbegu ovyo katika pori. Kwanza hufyeka, tena pengine huchoma moto, ndipo apande. Vivyo hivyo mgonjwa hapewi chembe za mtoaji siku ya kwanza. Kwanza hutayarishwa kwa muda wa siku kadhaa. Hupewa dawa kali, au humulikwa mwili mzima kwa mionzi, au vyote viwili.

Matayarisho haya yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuua magugu, yaani chembe za kansa zilizosalia. Ya pili ni kuwalegeza askari wa mwili wa mgonjwa. Askari hao hawajui kuwa mgeni amekuja kusaidia. Wakiachwa na nguvu zao, watazipiga chembe za mtoaji na kuzifukuza, na kazi yote itakuwa bure.

Basi swali ni hili: moto uwe mkali kiasi gani? Ukiwa mdogo, magugu yatabaki na visiki vyake. Ukiwa mkubwa mno, utaunguza udongo wenyewe, na miti ya matunda, na pengine nyumba ya mkulima. Swali hili limewasumbua madaktari kwa zaidi ya miaka 60.

NJIA ILIYOPITIWA

Huko Marekani alikuwako daktari aitwaye E. Donnall Thomas. Katika mwaka 1957 aliandika habari za wagonjwa wa kwanza waliotiwa uboho wa watu wengine. Walikuwa 6, na wote walikufa kabla ya siku 100 kupita. Katika mwaka 1959, yeye na wenzake waliandika habari za wagonjwa wawili wa lukemia ambao kila mmoja alikuwa na pacha wake wa kufanana. Walimulikwa mionzi mikali sana, kisha wakapewa uboho wa mapacha wao. Uboho ulishika vizuri, damu ikarudi. Lakini baada ya miezi michache lukemia nayo ikarudi.

Madaktari wengi walikata tamaa. Thomas hakukata tamaa. Alihamia mji wa Seattle katika mwaka 1963, akaendelea na kazi kwa miaka mingi. Mwaka 1990 alipewa Tuzo ya Nobel, naye akafariki mwaka 2012. Katika miaka ile madaktari walishika kanuni moja: moto uwe mkali kadiri mwili uwezavyo kuvumilia. Mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei, na kipimo kilichozoeleka cha matayarisho makali ni grei 12 hivi, zikigawanywa kwa siku kadhaa, pamoja na dawa iitwayo siklofosfamidi. Wengine waliacha mionzi wakatumia dawa iitwayo busulfani.

Matayarisho hayo makali huua uboho wote. Mtu akipewa hayo bila kutiwa uboho mpya, uboho wake hauwezi kutumainiwa kurudi. Tena huleta vidonda vya kinywa na tumbo, kutapika, nywele kunyonyoka, na maradhi ya kuambukiza wakati askari hawapo. Huweza kudhuru ini na mapafu, na mara nyingi mtu hawezi tena kuzaa. Kwa hiyo, kwa miaka mingi matibabu haya yalikuwa kwa vijana na watu wenye nguvu. Mzee wa miaka 65 hakukubaliwa. Na lukemia nyingine huwapata hasa wazee!

MICHE INAYOSHINDA MAGUGU

Mwaka 1979 madaktari wa Seattle walionyesha jambo la ajabu. Baadhi ya wagonjwa hupata taabu baada ya kupandikizwa: askari wapya wa mtoaji huuona mwili wa mgonjwa kuwa ni wa kigeni, wakaushambulia katika ngozi, ini na matumbo. Ni taabu kubwa, na huweza kuua. Lakini wagonjwa waliopatwa na taabu hiyo walirudiwa na lukemia mara chache kuliko wengine. Maana yake nini? Askari wa mtoaji walikuwa wakipigana na kansa pia.

Mwaka 1990 madaktari wa Ujerumani, katika mji wa Munich, walieleza habari za wagonjwa ambao lukemia yao ilirudi baada ya kupandikizwa. Waliwaongezea chembe nyeupe za mtoaji yule yule, na ugonjwa ukarudi nyuma.

Sasa mnaweza kufahamu kwa nini lile pacha la kufanana halikutosha. Askari wa pacha ni kama askari wa mgonjwa mwenyewe. Hawaoni tofauti, kwa hiyo hawapigani sana.

Mkulima anajua jambo hili. Akipanda viazi vitamu au maboga, majani yake hutambaa yakafunika ardhi, na magugu mengi hukosa jua yakafa. Mazao yenyewe yanapalilia. Basi madaktari walijiuliza: kama mazao yanapalilia, ya nini kuchoma shamba lote?

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990, madaktari wa Houston, Jerusalem na Seattle walianza kutumia matayarisho mepesi. Dawa moja kubwa katika njia hii ni fludarabini, ambayo hulegeza askari wa mgonjwa bila kuunguza sana sehemu nyingine. Huko Seattle, baada ya kujaribu kwanza kwa mbwa, walitumia grei 2 tu za mionzi mahali pa 12. Lango likafunguka. Watu wenye miaka zaidi ya 60, hata zaidi ya 70, na wenye udhaifu wa moyo au mapafu, waliweza kupandikizwa.

HESABU YA WATU

Je, njia nyepesi ni bora basi? Wengi walitumaini hivyo. Lakini matumaini si kipimo. Huko Marekani walifanya jaribio la haki. Walichukua watu 272, wenye miaka 18 mpaka 65, wagonjwa wa lukemia kali ya aina moja au ugonjwa wa uboho unaokaribiana nayo. Wote walikuwa na nguvu ya kuvumilia njia yoyote, na ugonjwa wao ulikuwa umetulizwa. Waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa njia kali, wale njia nyepesi. Habari zake zilichapishwa mwaka 2017.

Walimu, andikeni ubaoni. Wanafunzi, andikeni katika daftari. Hizi ni hesabu za baada ya miezi 18, katika kila watu 100.

Waliokufa kwa sababu ya matibabu yenyewe: njia kali, 16, njia nyepesi, 4.

Waliorudiwa na ugonjwa: njia kali, 14, njia nyepesi, 48.

Waliokuwa hai: njia kali, 78, njia nyepesi, 68.

(Kimya kidogo.)

Soma mstari wa kwanza peke yake. Utasema njia nyepesi ni bora, kwani imeokoa watu 12 wasiuawe na dawa. Soma mstari wa pili. 48 toa 14 ni ngapi? Ni 34. Watu 34 zaidi walirudiwa na ugonjwa. Kwa sababu hiyo jaribio lilisimamishwa kabla ya kufika idadi iliyokusudiwa. Wakati ule tofauti ya walio hai ilikuwa bado ndogo, haikuweza kusadikiwa sana. Lakini wagonjwa waliendelea kuangaliwa, na baada ya miaka 4 walio hai walikuwa 65 katika 100 kwa njia kali, na 49 kwa njia nyepesi.

Ndugu zangu, hapa kuna fundisho kwa kila anayejifunza kusoma. Mtu akikusomea mstari mmoja tu, hajakudanganya, lakini hajakwambia yote. Omba usomewe mstari wa pili na wa tatu. Ukiweza, soma mwenyewe.

SI SHAMBA MOJA

Msiondoke hapa mkisema kuwa njia kali ndiyo njia ya watu wote. Tazameni mambo manne.

Kwanza, watu wale 272 walikuwa na nguvu. Mzee mwenye moyo mgonjwa hakuwamo katika hesabu ile. Kwake yeye njia kali huweza kuwa kifo cha haraka, na njia nyepesi ndiyo mlango pekee.

Pili, hali ya shamba. Mwaka 2020 wataalamu walichapisha uchunguzi wa damu ya watu wa jaribio lile lile, iliyochukuliwa kabla ya matayarisho. Walitafuta alama ndogo kabisa za kansa. Kwa waliokutwa na alama hizo, ugonjwa uliwarudia 67 katika 100 kwa njia nyepesi, na 19 katika 100 kwa njia kali, ndani ya miaka 3. Lakini kwa waliokutwa hawana alama, walio hai hawakutofautiana sana kwa njia zote mbili. Maana yake, penye magugu yaliyojificha moto wahitajiwa zaidi.

Tatu, kati ya kali na nyepesi mna ngazi nyingi. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2012 lilikuwa na watu 195 wenye lukemia kali iliyotulizwa. Nusu walipewa mionzi ya grei 12 na siklofosfamidi, nusu grei 8 na fludarabini. Waliorudiwa na ugonjwa walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Iko pia dawa iitwayo treosulfani, ambayo wataalamu wameitumia ili kuua magugu vizuri bila kuudhuru mwili sana.

Nne, watoto si watu wazima wadogo. Katika jaribio kubwa la nchi nyingi, lililochapishwa mwaka 2021, watoto na vijana wenye lukemia ya aina nyingine, waliomulikwa mionzi pamoja na dawa, walikuwa hai 91 katika 100 baada ya miaka 2. Waliopewa dawa bila mionzi walikuwa hai 75 katika 100.

Na huku kwetu? Katika Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uboho kwa watoto wenye ugonjwa wa selimundu. Huo si kansa, lakini kanuni ya kutayarisha ni ile ile: uboho mpya haushiki bila kufanyiwa nafasi.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Daktari ndiye ajuaye dawa. Lakini mwili ni wako. Kumwuliza si utovu wa adabu. Daktari mwema hufurahi kuulizwa. Andikeni maswali haya, na kila mmoja ayaweke.

1. Matayarisho yangu ni makali, ya kati, au mepesi? Kwa nini umechagua hayo?

2. Katika watu 100 walio kama mimi, wangapi hufa kwa matibabu yenyewe?

3. Katika hao 100, wangapi hurudiwa na ugonjwa?

4. Wangapi huwa hai baada ya miaka 2, na wangapi baada ya miaka 4?

5. Je, nitaweza kuzaa baadaye? Kama siwezi, liko jambo la kufanya kabla ya kuanza?

Swali la tano lisiulizwe mwisho kwa aibu. Baada ya dawa kuingia mwilini, mara nyingi wakati wake umekwisha pita.

Na wewe ndugu wa mgonjwa, usimfiche mgonjwa hesabu hizi kwa kumhurumia. Wako watakaosema, "Nipeni njia ya kuniponya kabisa, hata kama ni ya hatari." Wako watakaosema, "Mimi ni mzee, nataka miaka michache ya amani na wajukuu zangu." Wote wawili wana akili timamu. Lakini hakuna anayeweza kuchagua kitu ambacho hakuambiwa.

KAZI YA WIKI HII

Jibuni katika daftari zenu:

1. Damu hutengenezwa wapi?

2. Taja kazi mbili za matayarisho.

3. Kwa nini uboho wa pacha wa kufanana haukuzuia lukemia kurudi?

4. Katika jaribio la watu 272, njia ipi iliua watu wachache zaidi kwa matibabu yenyewe? Njia ipi ilikuwa na watu wengi zaidi walio hai baada ya miaka 4? Eleza kwa nini majibu haya mawili si njia moja.

5. Zungumzeni darasani: Bibi mmoja ana miaka 68 na moyo dhaifu. Kijana mmoja ana miaka 25 na nguvu, lakini damu yake bado ina alama ndogo za kansa. Je, wapewe matayarisho ya namna moja?

Wiki ijayo tutajifunza kusoma karatasi ya dawa: mara ngapi kwa siku, na kiasi gani. Leteni karatasi yoyote ya dawa iliyoko nyumbani. Kwaherini, na msome kwa bidii.